Intaneti ya nyumbani ushago: pima kwanza, lipa baadaye

Kama faiba imefika kwenu, chukua faiba, hii makala si yako. Lakini boma nyingi mashambani bado ziko mbali nayo, na hapo swali si kampuni gani ina ofa nzuri. Swali ni laini gani inashika ndani ya nyumba yako. Si sokoni, si stejini. Ndani.

Kwa hivyo kabla ya kununua rauta ya 4G, azima laini za kampuni tofauti, weka bando ndogo, keti sebuleni ufungue video. Rudia saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni na mnara umelemewa. Video safi inataka kama Mbps 5. Ikikwama, zunguka: mabati na kuta za mawe huzuia mawimbi, na dirisha linaloangalia mnara linaweza kukuokoa.

Hakuna laini inayoshika? Basi fikiria setilaiti. Starlink ilianza huduma Kenya Julai 2023, na setilaiti zake ziko juu angani, kwa hivyo umbali wa mnara si hoja. Inataka tu anga wazi. Ule mwembe mkubwa uani utakukatia simu ya video katikati. Pia inakula stima. Sahani ya kawaida hutumia wati 50 na zaidi, kwa hivyo sola ya taa tatu na kuchaji simu haitaiweza.

Sasa pesa, na hapa ndipo watu huumia. Mtu anakuja bomani na fulana ya kampuni, anasema ofa inaisha leo, tuma malipo ya kwanza kwa namba hii. Namba ni yake binafsi. Akishatoa hiyo pesa, kuirudisha ni shida kweli. Tafuta Paybill au Till wewe mwenyewe, dukani kwao au kwa tovuti yao, na usome jina kabla ya kukamilisha malipo. Ukiona jina la mtu badala ya kampuni, ghairi. PIN yako haiwashi rauta ya mtu yeyote, usimpe fundi.

Kabla hujalipa, uliza pia: kuna kikomo cha matumizi kwa mwezi? Nikikosa kulipa mwezi mmoja, rauta inabaki yangu? Na ile SMS ya malipo usiifute. Fundi asipotokea, nambari ya muamala ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa ukipiga simu.