Koti Jeusi, Kanzu Nyeupe: Kupanga Sauti na Picha Kabla ya Kunasa Kanda

Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pale Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, video ya nyumbani ilikuwa bado ni kanda ya VHS. Kanda za miaka hiyo zingali kwenye makabati ya Kampala: kwanjula (sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa familia ya bibi harusi), harusi, mazishi ya mzee. Kila zikizungushwa ndani ya deki huchakaa kidogo, na iliyoota ukungu huenda ikakubali kuchezwa mara moja tu. Ndiyo maana sauti na picha hupangwa kabla ya kunasa kanda kwenye kompyuta. Sauti iliyopasuka na weupe uliofutika haviponi baadaye, hata kwa programu ya bei gani.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa. Kwanjula ni maneno: wasemaji wa pande mbili wanajibizana kwa saa nzima, na sauti yao ikipotea, sherehe imepotea. Wengi huchomeka waya wa njano wa picha kwenye kifaa cha kunasia, kisha nyekundu na nyeupe za sauti wakazipeleka kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo limeundwa kwa mawimbi dhaifu sana. Ya deki yana nguvu mara nyingi zaidi, hivyo sauti hukwaruza. Tena kompyuta na kifaa kila kimoja kina saa yake ya ndani. Zikitofautiana kwa sehemu moja tu katika 10,000, baada ya saa moja sauti na picha zimeachana kwa sekunde 0.36, yaani fremu tisa. Msemaji ameshafunga mdomo, neno ndiyo kwanza linasikika. Kusogeza sauti yote nyuma hakusaidii, maana pengo hukua kadiri kanda inavyosonga. Pitisha nyaya zote tatu kwenye kifaa kimoja, na ndani ya programu uchague kifaa hicho hicho kiwe chanzo cha sauti, vipimo 48,000 kwa sekunde. Maikrofoni ya kompyuta izime, la sivyo mazungumzo ya chumbani yataingia kwenye harusi ya watu.

Kiwango cha sauti kipime pale ngoma zinapolia. Vilele vikifika kati ya desibeli -12 na -6 panatosha. Kwenye sufuri sauti hukatika. Sauti ya Hi-Fi ikivuma, geuza deki isome mkondo wa kawaida ulio ukingoni mwa kanda. Ni hafifu zaidi, lakini mara nyingi hutulia. Pia usihukumu ulingano wa sauti na picha kwa dirisha la kutazamia wakati wa kunasa, kwani huchelewa. Nasa dakika chache, kisha ucheze faili lenyewe.

Kwa picha, chagua PAL, uliokuwa mfumo wa runinga ya Uganda ya analogi: mistari 625, inayobeba picha ikiwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Nasa kwa 720 kwa 576, lakini picha ionyeshwe kwa uwiano wa 4:3. Ukiitandaza ijaze skrini pana, kila bibi aliyevaa gauni la gomesi ataonekana amenenepa. Mistari inayotetemeka chini kabisa iache. Runinga za zamani ziliificha nyuma ya fremu ya kioo.

Mwangaza ndio unaotaka subira, na Buganda imetupatia kipimo bora kuliko kadi yoyote ya kiwandani: mwanamume aliyevaa koti jeusi juu ya kanzu nyeupe. Simamisha macho hapo. Skrini ya kompyuta iliyo karibu na dirisha lenye jua hudanganya, kwa hiyo fuata grafu ya mwangaza: nyeusi karibu na 16, nyeupe isipite 235. Punguza mwanga na kontrasti kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe hadi mikunjo ya kanzu na nakshi za kifuani zionekane, huku kola ya koti ikitofautika na bega. Kanda ya ukumbini usiku ipimwe upya. Vipimo vya kanda ya uwanjani mchana haviifai.