Maji Yakija Usiku, Nani Atakugongea Mlango?

Leo mbolea na viwavijeshi tuviweke pembeni kidogo, tuongee kuhusu jirani yako.

Msimu mmoja wa masika, mto unaopita kwenye kata ninayohudumia ulivunja kingo saa nane usiku. Ujumbe ulitumwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, ila saa hizo nani anashika simu? Akina mama wa kikundi cha hisa ndio waligongeana milango, nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja mjane, magoti yanamsumbua, alibebwa mgongoni na kijana ambaye huwa wanasaidiana palizi. Kijana alijua bibi analala chumba kipi.

Lakini kuna jambo linaniuma mpaka leo. Pembeni ya bonde kulikuwa na familia iliyotoka mkoa mwingine, imekodi ekari mbili za mpunga. Hawakuwa kwenye hisa, hawakuwa kwenye msaragambo, na mimi mwenyewe sikuwa nimewaandika kwenye daftari langu. Hakuna aliyewagongea. Walipona kwa kupanda mwembe, wakakaa huko mpaka asubuhi. Mbuzi wanne na mbegu yote vilikwenda na maji.

Yaani ujirani unaokoa, ila unamwokoa anayefahamika.

Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipoifikia Katesh, watu zaidi ya 80 walifariki. Maafa ya namna hii hayasubiri gari la uokoaji litoke mkoani. Saa ya kwanza ni ya jirani. Basi TMA wakitoa utabiri wa masika, kaeni kikao cha kitongoji mfanye haya:

1. Andikeni nyumba zote, wapangaji na waliokodi mashamba wakiwemo. Wekeni alama penye mzee, mgonjwa, mjamzito au mlemavu.

2. Kila nyumba ijue nani ataigongea, na yenyewe itaigongea ipi.

3. Chagueni ishara moja, kwa mfano filimbi au debe. Halafu tembeeni pamoja mchana, na watoto, njia ya kwenda sehemu ya juu.

4. Wewe wa bondeni, weka debe moja la mbegu kwa rafiki aliye mlimani. Mwaka wa jua kali mahindi yake yakikauka, naye atakuja kwako.

5. Wenye VICOBA, kubalianeni mapema mfuko wa jamii utatoka vipi siku ya dharura. Sanduku lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Kama wote watatu wanaishi bondeni, siku ya mafuriko hela ipo ila hamuipati. Mmoja awe wa juu.

Yote haya hayahitaji mfadhili. Daftari la kawaida na jioni moja vinatosha.

Ile familia sasa iko kwenye hisa, na kwenye daftari langu nimeiandika ya kwanza, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na mto.

Na wewe, nyumba ya mwisho kitongojini kwenu ni ya nani? Kama jina hulijui, leo jioni ukitoka shamba pita umsalimie.