Kutoka kwa Kupe hadi Udongo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akizunguka mashambani nje ya mji, akikusanya kupe masikioni mwa ng'ombe. Mhadhiri huyo alikuwa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri. Alikuwa amesoma biolojia Marekani, na mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya udaktari katika anatomia ya wanyama, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo.

Kupe hao hueneza ndigana kali, maradhi yaletwayo na kijidudu kiitwacho Theileria parva, ambayo huwaua zaidi ng'ombe wa kigeni na chotara. Shabaha ya utafiti ilikuwa kuwaokoa ng'ombe hao.

Lakini macho ya mtafiti hayakuishia masikioni mwa ng'ombe. Aliona kuwa mifugo imekonda kwa kukosa malisho, na kwamba mvua inyeshapo mito hugeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ilikuwa udongo wa mashamba. Penye miti, majani huvunja nguvu ya matone ya mvua, mizizi huushika udongo, na maji huzama polepole yakalisha chemchemi. Miti ikiondolewa, maji hutiririka juu ya ardhi na kuchukua tabaka lenye rutuba. Maathai akakata shauri kwamba adui mkubwa wa ng'ombe na wenye ng'ombe hakuwa kupe, bali kuharibika kwa ardhi.

Ushahidi mwingine aliupata katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Wanawake wa vijijini walilalamikia uhaba wa kuni na maji safi. Kwa kukosa kuni, mama huacha kupika vyakula viivavyo kwa muda mrefu, na afya ya watoto hudhoofika. Hivyo upungufu wa miti huonekana hata chunguni.

Tarehe 5 Juni 1977 Baraza hilo lilipanda miche saba mjini Nairobi. Ndiyo asili ya Harakati ya Ukanda wa Kijani. Vikundi vya vijijini vilianzisha vitalu na kupanda miti kwa safu, miche isiyopungua 1,000 kwa kila ukanda. Wataalamu wengine walitilia shaka uwezo wa watu wasio na cheti. Wanawake wakaotesha mbegu hata katika vyungu vilivyovunjika, kwa maarifa yale yale ya kupanda mahindi na maharage. Ujira mdogo ulitolewa kwa mche ulioshika na kuishi, si kwa mche uliopandwa tu. Kipimo hicho ndicho kilichoupa mpango uhai.

Mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30. Alifariki mwaka 2011.

Wanafunzi waweza kuanzia pale alipoanzia yeye. Baada ya mvua kubwa, na wachote maji ya mto katika chupa angavu, wayaache yatulie hadi kesho yake, kisha wapime kina cha tope lililotuama. Halafu na waulize: udongo huu umetoka shamba la nani?