Mtoto Anayechelewa: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kumtafutia Tiba ya O.T.



Karibu kila kijiji kina mtoto ambaye haonekani kanisani wala sokoni. Yuko nyumbani, amelazwa kwenye mkeka, na mama yake ameacha kuja chamani kwa sababu hana wa kumwachia. Majirani wana maneno yao. Wengine wanasema ni laana, wengine amerogwa, wengine wanasema tu, "Ngojeni, atakaa wakati wake ukifika." Na miaka inapita. Viungo vinakakamaa, mtoto anakuwa mzito kubebwa, na jambo ambalo lingefundishwa mapema linakuwa gumu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Katika makala hii tunataka kueleza jambo moja. Msaada kwa mtoto kama huyu upo, na mara nyingi uko karibu kuliko tunavyodhani. Lakini familia moja peke yake huchoka njiani. Hapo ndipo kikundi kina kazi.

O.T. NI NINI?

Hospitalini mtaona mlango ulioandikwa "Occupational Therapy". Watu hufupisha wakasema O.T. Hii ni tiba ya kumsaidia mtu aweze kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa mtoto, shughuli hizo ni kukaa, kula, kushika kikombe, kuvaa nguo, kwenda choo, kucheza, na baadaye kushika kalamu.

Jirani yake ni fizio. Fizio huangalia zaidi misuli, viungo na mwendo. O.T. huangalia zaidi mikono, kula, kuvaa na kucheza, na jinsi ya kumkalisha mtoto vizuri ili hayo yawezekane. Watoto wengi wanahitaji wote wawili, na katika hospitali nyingi wanafanya kazi pamoja. Kwa hivyo ukiuliza "kliniki ya mazoezi ya watoto" utaelekezwa.

O.T. si kwa watoto wenye viungo vilivyolemaa tu. Humsaidia pia mtoto mwenye usonji (otizimu), yule anayechelewa kuelewa, na yule asiyeweza kutulia.

DALILI ZA KUANGALIA

Watoto hawalingani, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini msingoje ikiwa:

- Ana miezi 6 na kichwa bado kinalegea.
- Ana miezi 10 na hawezi kukaa bila kushikwa.
- Ana mwaka mmoja na nusu na hatembei.
- Hajafika mwaka mmoja na tayari anatumia mkono mmoja tu, huo mwingine ameukunja ngumi.
- Mwili umekakamaa kama ubao, au umelegea kama kitambaa.
- Hukabwa na chakula mara kwa mara.
- Alikuwa akikaa au akisema, na sasa ameacha. Huyu apelekwe mara moja.

Angalieni kwa makini zaidi mtoto ambaye hakulia alipozaliwa, aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekuwa na macho ya manjano sana siku za kwanza, au aliyewahi kuugua malaria ya kupanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mambo haya yanaweza kuumiza ubongo. Hapo si kurogwa, na si makosa ya mama.

PA KUANZIA

1. Mhudumu wa afya wa kijiji. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchini kote, wale tunaowaita CHP. Wanatembea nyumba kwa nyumba. Mwambieni juu ya mtoto huyo. Yeye atawaelekeza zahanati au kituo cha afya. Hapo msitarajie O.T.; mnachotafuta ni barua ya kuwatuma mbele.

2. Hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Hapa ndipo wataalamu wa O.T. wa serikali hupatikana zaidi. Wengi wao wamesomea chuo cha KMTC. Tangu mwaka 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, kwa hivyo hazilingani: moja ina O.T. watatu, nyingine hana hata mmoja. Ulizeni kwanza.

3. Hospitali za misheni na mashirika. Nyingine zina kliniki ya mazoezi. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina vituo katika miji kadhaa na kimezoea kazi ya vijijini. Mtoto akihitaji upasuaji wa mifupa au miguu, kuna hospitali ya AIC CURE kule Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998. Lakini hiyo ni safari ya upasuaji. Mazoezi ya kila wiki tafuteni karibu na nyumbani.

4. Kituo cha EARC. Hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Viko chini ya elimu, na ofisi mara nyingi iko ndani ya shule ya msingi. Mwalimu wa hapo humpima mtoto na kushauri ataingia shule gani. Mara nyingi yeye ndiye anayejua O.T. wa karibu yuko wapi. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

5. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD). Mtoto akishapimwa hospitalini na fomu kujazwa, anaweza kuandikishwa na baraza hili. Uandikishaji unamfungulia mlango wa kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu. Kwa mtoto mwenye ulemavu mkubwa, familia yenye shida inaweza pia kuomba Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliokubaliwa.

Haya si kuombaomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Mwaka 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

KABLA YA KUPANDA MATATU

Mama wengi hubeba mtoto mzito safari ya nusu siku, wakifika wanaambiwa, "Leo si siku ya watoto." Wakirudi hivyo mara mbili, hawaendi tena. Kwa hivyo mtu mmoja wa kikundi, ambaye hana mtoto mgongoni, atangulie au apige simu aulize:

- Kliniki ya watoto ni siku gani, na saa ngapi?
- Malipo ni kiasi gani? Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, kwa hivyo ulizeni pia SHA italipa nini. Ambaye hajajiandikisha apige *147# au aombe CHP amsaidie.
- Karatasi zipi zinahitajika? Kwa kawaida ni barua ya zahanati, kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi.

Ikiwa mnaenda kwa mtaalamu wa kibinafsi mjini, ulizeni leseni yake. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

KAZI KUBWA IKO NYUMBANI

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanafikiri O.T. ni kama sindano: unaenda, unadungwa, unarudi. La. O.T. anakaa na mtoto labda nusu saa, mara moja au mbili kwa mwezi. Siku zilizobaki mtoto yuko na ninyi. O.T. ni mwalimu, na mwanafunzi wa kwanza ni mama, baba, nyanya au dada anayemlea.

Kwa hivyo msitoke chumbani kabla ya kufanya haya:

- Mwambie, "Nionyeshe." Kisha ufanye wewe mwenyewe huku akikuangalia.
- Uliza jinsi ya kumlisha. Mtoto asilishwe akiwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akae, kichwa kikielekea mbele kidogo.
- Uliza zoezi hilo litaingia wapi katika kazi za siku. Kumvalisha, kumwosha na kumbeba, yote yanaweza kuwa mazoezi.
- Uliza ni kifaa gani mnaweza kutengeneza. Fundi wa kijiji anaweza kutengeneza kiti cha kona kwa mbao, au reli mbili za miti za kujifunzia kusimama. Kuna hata viti vya maboksi na karatasi kuukuu vilivyogandishwa kwa uji wa unga, vikikauka vinakuwa vigumu kama mbao. Mpini wa kijiko ukizungushiwa mpira wa baiskeli unashikika vizuri. Lakini vipimo vya kiti vitoke kwa O.T., kwa sababu kiti kibaya humpinda mtoto.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Msivute kwa nguvu mkono au mguu uliokakamaa, mnaweza kumvunja. Mtoto mwenye kifafa asiachishwe dawa bila daktari kusema. Tena mjihadhari na anayeahidi kuponya kabisa kwa wiki chache kwa pesa nyingi. Ubongo ulioumia haurudi kuwa kama zamani, hata O.T. hawezi. Anachoweza ni kumfundisha mtoto kutumia alichonacho. Kuombewa ni kwema, lakini maombi hayakatazi kliniki. Fanyeni yote mawili.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kinachoangusha familia nyingi ni nauli na uchovu. Tupige hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 400, na safari ni mbili kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 800. Kwa mama mmoja anayelima vibarua ni mzigo. Kwa kikundi cha watu 20 ni shilingi 40 kila mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Zaidi ya nauli, mnaweza:

- Kupanga zamu ya mtu wa kusindikiza mama, na mtu wa kubaki na watoto wengine.
- Kuwaalika wazazi wa watoto hawa wakutane mara moja kwa mwezi. Mama aliyefundishwa anamfundisha mwenzake.
- Kuandika barua kwa msimamizi wa hospitali kuomba O.T. aje kijijini, tuseme mara moja kila miezi mitatu. Wekeni hesabu ya watoto na umri wao, na mahali pa kukutania, kama vile ukumbi wa kanisa. Mtaalamu husitasita kuja kwa mtoto mmoja. Kwa watoto wanane ni rahisi kukubaliwa.
- Kwenda kwenye mikutano ya wananchi ya bajeti ya kaunti, na kuuliza kwa nini hospitali yenu haina O.T. Mwakilishi wa wadi naye aulizwe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu kuna watoto wangapi ambao hawaonekani nje? Ni nani kati yetu anaweza kuwatembelea bila kuwaaibisha wazazi?
2. O.T. wa karibu yuko hospitali gani, na siku yake ni gani? Nani ataenda kuuliza, na ataleta jibu lini?
3. Tunaweza kutenga kiasi gani kila mwezi kwa nauli?

Msimalize mkutano kabla swali la pili halijapata jina la mtu na tarehe.