DAGAA NA MIGEBUKA: NAMNA YA KUWAPIKA



Sisi tuliotoka Uvira, Baraka, Rumonge na kando nyingine za Ziwa Tanganyika tumelelewa kwa samaki. Warundi husema mukeke, wenyeji wa Kigoma husema mgebuka. Samaki ni yule yule, tusigombane. Hapa kambini tuko mbali na ziwa, kwa hiyo wengi wetu tunanunua wakavu.

Dagaa (ndagala) ndio wanaofaa zaidi kwa mfuko mdogo. Huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa juani, mara nyingi juu ya mchanga. Kwa sababu hiyo usiwatupe chunguni hivi hivi. Chambua kokoto, loweka kidogo katika maji ya vuguvugu, tikisa, halafu watoe kwa mkono na kuuacha mchanga chini ya beseni. Rudia mpaka maji yawe safi. Kaanga kitunguu kwa mawese kidogo, tia nyanya, kisha dagaa, funika. Dakika 10 zinatosha, na kuni zinabaki. Onja kabla ya kutia chumvi.

Ukipika sombe, chemsha kwanza majani yaliyotwangwa mpaka yaive kabisa, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Dagaa watie mwishoni. Wapo wanaowatia tangu mwanzo; mimi naona wanapondeka bure.

Mama mwenye mtoto aliyetimiza miezi 6, sikiliza hapa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa, nayo hujenga mifupa ya mtoto. Waoshe, waanike tena, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, watwange na kuchekecha. Tia kijiko kimoja cha unga huo katika uji unaochemka. Usiongeze chumvi. Unga utunze mahali pakavu, ndani ya chombo chenye kifuniko.

Mgebuka wa kukaushwa kwa moshi muoshe kwa maji ya moto, toa miiba, kisha mpike kwa nyanya na mawese.

Sokoni, mkatae samaki mwenye ukungu au unyevu, hata akiuzwa nusu bei. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Bei nayo hupanda uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaliane, kama ilivyokuwa Mei hadi Agosti 2024. Mwenye uwezo anunue akiba ya dagaa mapema, awaanike juani mara kwa mara.