Chumvi na Unyevu

Neno letu la leo limo katika Mathayo 5:13, pale Bwana Yesu anapowaita wanafunzi wake chumvi ya dunia.

Hapa kwetu tunaijua chumvi ya pwani, ipatikanayo kwa kukausha maji ya bahari juani. Lakini nchini Poland, karibu na mji wa Kraków, tulizuru mgodi wa Wieliczka, ambako chumvi ni mwamba chini ya ardhi. Ilichimbwa tangu karne ya 13 hata mwaka 1996. Tulishuka ngazi nyingi za mbao, tukafika kina cha mita 101. Hapo pana kanisa ambalo wachimbaji walianza kulichonga mwaka 1896. Sakafu ni chumvi, kuta ni chumvi, na madhabahu ni chumvi.

Ni kitu gani kiwezacho kuharibu mwamba kama huo? Ni unyevu. Mwishoni mwa karne ya 19 hewa ilianza kuingizwa mgodini kwa mitambo. Hewa ni kitu chema, lakini iliingia pamoja na unyevu, nao ukaiyeyusha michoro kidogo kidogo. Mwaka 1989 UNESCO iliutia mgodi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hewa haikufungiwa nje, bali iliwekwa mitambo ya kuikausha, na mwaka 1998 mgodi ukatolewa katika orodha hiyo.

Ndugu zangu, tulipokuwa kule chini tuliwakumbuka wazee wawili wa kanisa tunaowajua. Walikosana juu ya fedha za mabati ya kanisa jipya. Nasi wachungaji tuliona, tukanyamaza, kwa kuwa ujenzi ulikuwa ukiendelea vizuri. Kanisa likaezekwa, lakini wazee wale hawasalimiani hata leo.

Harambee ni njema, na uongozi ni mwema. Lakini majivuno na kinyongo huingia kwa mlango uo huo. Basi tusiufunge mlango, bali tuukaushe unyevu: hesabu zisomwe mbele ya wote, na aliyekosa aombe msamaha kabla ya kuijia Meza ya Bwana.

Je, yuko ndugu ambaye hujamsalimu? Mwendee leo.

Tuombe: Ee Bwana, utukaushe unyevu wa mioyo yetu, tusiyeyuke tukiwa ndani ya nyumba yako. Amina.