Safari ya Mapumziko Juu ya Farasi, na Matayarisho Yake



Wanafunzi wa hapa Ruanda hutuuliza swali moja mara kwa mara. Wamesoma vitabuni kwamba watu wa nchi nyingine, wakipata likizo, hupanda farasi na kusafiri siku tatu au nne kwa starehe tu, wakiangalia milima na mito. Basi wauliza, kwa nini sisi tusipande farasi hapa kwenye njia kuu ya Tunduma, tukapita katikati ya mashamba ya kahawa hata Ndolezi, penye Kimondo cha Mbozi, tukalala huko na kurudi?

Swali ni jema, na nchi yetu kwa kweli yapendeza kwa mpanda farasi. Ni nchi ya juu, ina upepo mwema, na majani si haba. Walakini farasi si baiskeli, kwamba utamnunua, umtie pumzi, uende zako. Matayarisho ya safari ya namna hii huanza kwa mnyama, na mwenye safari huja nyuma yake. Asiyejua hayo atarudi nyumbani kwa miguu, na huenda akamwacha farasi wa watu amekufa njiani.

Maana wako adui wawili ambao wamemzuia farasi katika sehemu kubwa ya Afrika tangu zamani. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, alichungua jambo hili katika nchi ya Wazulu katika miaka ya 1890, akaonyesha kwamba mbung'o huchukua vijidudu katika damu ya wanyama wa porini na kuwatia ng'ombe na farasi. Ugonjwa huo huitwa nagana. Farasi aliyeupata hukonda, huvimba miguu na tumbo, huishiwa na damu, kisha hufa. Ukishuka kutoka huku kwetu kuelekea mapori ya Rukwa na Chunya, ndipo penye makao ya mbung'o. Njia ya kule si njia ya farasi hata kidogo.

Adui wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa haonekani upesi. Ni usubi, wale wadudu wadogo mno, wadogo kuliko mbu, ambao hutoka jua likichwa na kuuma mpaka alfajiri. Mwaka 1944 mtaalamu R. M. du Toit wa Afrika ya Kusini alionyesha kwamba hao ndio wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi huonekana mzima. Baada ya siku chache hushikwa na homa, pumzi humpaa, mapovu humtoka puani, na kwa namna iliyo kali maradhi haya huua farasi tisa katika kumi au zaidi. Dawa ya kuyaponya haipo. Iko chanjo tu, nayo hutolewa mapema kabla ya majira ya hatari. Punda milia hupata vijidudu hivyo asiugue, na punda wetu wa kufugwa huugua kwa nadra. Ndiyo maana punda akawa mnyama wa mizigo katika nchi hizi, na farasi akabaki mgeni.

Wanaotaka ushahidi na wakumbuke mwaka 1916. Askari wapanda farasi wa Afrika ya Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walikwenda mbio mpaka Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Mji waliupata, lakini farasi wao walikufa kwa mamia, na jeshi likakaa pale bila miguu. Huku kwetu, jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland mwezi wa Mei mwaka ule ule, na mizigo yake ilichukuliwa zaidi vichwani mwa watu, wale walioitwa tengatenga. Wazee wetu hawakubebeshwa mizigo ile kwa sababu farasi hawakujulikana. Walibebeshwa kwa sababu mnyama angekufa na mtu aliweza kutafutwa mwingine.

Haya basi, jambo la kwanza la kupanga ni mwezi. Shule zetu hufungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Desemba ni mvua, njia ni matope, na usubi wanaanza kuzaana katika mabwawa na mbolea. Hatari huzidi mvua zikiendelea, na hufika upeo wake mwishoni mwa masika. Mwezi wa Juni, na hasa Julai, baridi ya nchi za juu huwapunguza sana wadudu hao, ardhi imekauka, na mito imepungua. Chagua Juni. Baridi utaistahimili kwa sweta; farasi hana sweta ya kumzuia usubi.

Jambo la pili ni mahali. Hapa Ruanda hatukushauri kuleta farasi mmoja kwa ajili ya likizo. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake huhangaika, hukataa kula. Tena atahitaji fundi wa kwato kila wiki sita au nane, na mganga wa mifugo aliyezoea farasi, si ng'ombe tu. Afadhali kwenda waliko farasi. Kwa mtu wa Songwe, mahali palipo karibu ni vilima vya Mufindi, katika mkoa wa Iringa, penye mashamba ya chai na misitu, ambako wageni wamepata kupandishwa farasi. Utapanda basi la asubuhi kupita Mbeya na Makambako hata Mafinga, kisha utaacha njia kuu na kuingia vilimani. Ng'ambo ya mpaka, katika Malawi, uwanda wa juu wa Nyika umejulikana kwa safari za farasi kwa sababu ile ile ya baridi na majani. Walio na nauli ya mbali huenda Arusha na miteremko ya Kilimanjaro.

Kabla ya kutoa fedha, mwandikie mwenye farasi barua, au umpigie simu, na umwulize wazi. Farasi wamechanjwa lini? Hulala ndani ya banda tangu kabla ya magharibi mpaka jua limepanda? Safari ni saa ngapi kwa siku? Nani atatangulia njia? Mtu mwenye farasi wazuri hachukizwi na maswali haya, hufurahi kuulizwa. Naye atakuuliza mawili yake: uzito wako, na kama umepata kupanda. Usimdanganye. Kanuni ya watu wengi ni kwamba farasi abebe si zaidi ya sehemu moja katika tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 atabeba kilo 90. Toa tandiko na hatamu, kama kilo 15, zabaki 75, na ndani yake mna wewe, viatu vyako, chupa ya maji na mkoba. Mtu mnene si lazima abaki nyumbani. Atapewa farasi mkubwa zaidi, ikiwa alisema kweli mapema.

Ukifika, kabla ya kupanda, tazama mgongo. Pitisha kiganja chako taratibu nyuma ya mabega, mahali tandiko linapokaa. Farasi akikunjamana au akigeuka kukuuma, hapo pana maumivu, nawe uombe mwingine. Twasema hivi kwa uchungu, maana sokoni tumeona punda wenye vidonda vya mgongo vilivyojaa inzi, na juu ya kidonda limewekwa gunia la mahindi, na mwenye punda anamchapa kwa sababu haendi telki. Blanketi safi lililokunjwa vizuri, lisilo na mkunjo wala kijiti, lingaliweza kuponya nusu ya taabu ile. Ndilo blanketi lile lile linalowekwa chini ya tandiko la farasi.

Nawe ujitayarishe mwili. Mtu anayelima au kwenda shule kwa miguu ana nguvu, lakini kupanda farasi hutumia misuli ya mapaja kwa namna nyingine, na siku ya pili hutaweza kuketi kwenye kiti. Kwa muda wa mwezi mmoja panda vilima kila siku, tena uchuchumae na kuinuka mara nyingi. Vaa suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani ya mapaja, na viatu vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye katika kikuku. Aliyeanguka na mguu ukanaswa huburutwa. Kofia iwe ngumu ya kukinga kichwa, si kofia ya jua. Usimwendee farasi kwa nyuma. Sema naye kwanza, akusikie, umkaribie upande wa kushoto, nako ndiko watu wapandiako.

Mwendo wa safari ni wa kutembea, kilomita 6 au 7 kwa saa. Matiti kidogo kwenye tambarare, na shoti uwaachie waliozoea. Kilomita 25 kwa siku zatosha kabisa kwa mgeni. Kwenye mteremko mkali shuka, uongoze farasi kwa mkono, nawe utapata kunyosha magoti. Mkipumzika, bonyeza vidole chini ya taya lake uhesabu mapigo ya damu. Farasi aliyetulia hupiga 28 mpaka 44 kwa dakika. Ikiwa baada ya kupumzika dakika 20 bado yapita 60, mwambie kiongozi. Siku ya farasi yule imekwisha.

Chakula cha farasi ni kazi ya saisi, lakini ujue machache. Kwa siku anataka maji lita 30 hata 50, yaani debe moja na nusu mpaka mawili na nusu, na majani makavu yapata kilo 9. Farasi hawezi kutapika. Alichomeza kibaya kitamsokota tumbo au kumwua. Kwa hiyo, watu wa Mbozi, sikilizeni hili zaidi ya yote: msimchukulie zawadi ya mahindi kutoka ghalani mwenu. Mahindi yaliyoingia ukungu, hata yale ambayo kuku huyala, yana sumu iharibuyo ubongo wa farasi. Huzunguka zunguka kama kipofu, husukuma kichwa ukutani, na kwa siku moja au mbili amekufa. Mchukulieni karoti.

Mkirejea jioni, legeza mshipi wa tumbo kwanza, utembeze farasi polepole mpaka jasho likauke, umwoshe mahali pa tandiko, uinue kila mguu na kutoa mawe katika kwato. Kisha aingie bandani kabla jua halijachwa, mlango ufungwe. Ndipo uende ukatafute chai yako.